Mvua ya Nairobi haina mahali pa kwenda

Masika yakifika, wa nyumbani hutuuliza sisi tulio Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, kama huku hakufuriki. Kunafurika. Tarehe 2 Julai 2011 zilinyesha zaidi ya milimita 100 kwa saa chache, majitaka yakapanda hadi vyumba vya chini, hasara ikafika mabilioni ya kroni. Tofauti ilionekana mwaka uliofuata, mji ulipopitisha mpango unaoanza na swali moja: maji haya yakae wapi mpaka mabomba yapate nafasi?

Bustani ya Enghaveparken sasa inaweza kushika lita milioni 22.6. Uwanja wake wa mpira umeshushwa chini ya usawa wa ardhi, na ukuta mfupi umezunguka pande tatu za bustani. Siku kavu watoto wanacheza humo, siku ya gharika unakuwa bwawa. Lengo ni kwamba hata mvua ya mara moja kwa miaka 100 isipandishe maji barabarani zaidi ya sentimita 10. Sehemu ya gharama inalipwa kupitia bili ya maji.

Sasa tupige hesabu ya Nairobi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 10 kwa 10 likinyeshewa milimita 50 linamwaga lita 5,000. Mtaani Kileleshwa nyumba yenye bustani inavunjwa, ghorofa inapanda, ua mzima unafunikwa kabro, yaani matofali ya zege ya kutandaza chini. Udongo mwekundu wa pale unakunywa maji vizuri, nasi tumeuziba. Kabro yenyewe haina kosa: ikilazwa juu ya kokoto na nafasi zake zikijazwa vijiwe, maji hupenya. Fundi akishindilia moramu, ule udongo wa changarawe, na kuziba kwa saruji, ua umegeuka paa la pili. Mji uliokuwa na watu milioni 4.4 kwenye sensa ya 2019 lazima upande juu, na maghorofa yameleta kazi na makao. Ninachodai ni kila kibali cha ujenzi kitaje lita zitakazobaki ndani ya ploti.

South C na Embakasi dawa ni nyingine. Udongo mweusi wa huko ukilowa unavimba na kukataa maji, kwa hiyo shimo la kunyweza ardhi maji ni pesa zilizotupwa. Panahitajika matangi, mabwawa ya muda na mitaro yenye mteremko wa kweli.

Na mitaro ndiyo inayoniuma zaidi. Vijana wanaizibua kwa jasho, matope wanayarundika ukingoni, hatua moja tu kutoka walipoyatoa. Lori lisipokuja, mvua ya kwanza inayarudisha yote ndani. Tena kazi huanzia juu, kwenye malalamiko mengi, basi maji yanashuka kwa kasi mpya na kugonga kalvati iliyojaa mchanga huko chini. Mtaro huzibuliwa kuanzia mtoni kupanda juu. Huku Copenhagen, chini ya wavu wa barabarani pana shimo ambalo sakafu yake iko chini zaidi ya mdomo wa bomba: mchanga unazama, maji yanapita, lori la kufyonza linakuja kuukomba. Wavu wa chuma Nairobi utaishia kwenye vyuma chakavu, kwa hiyo tutumie mifuniko ya zege yenye matundu.

Pia mtaro mmoja unaweza kuanzia barabara ya kaunti, ukapita ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na kuingia ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Bila ramani moja na msimamizi mmoja kwa kila bonde la mto, kila mmoja atasafisha kipande chake na kumsukumia jirani maji.

Kando ya mto Mathare, mwaka 2024, familia zilivunjiwa nyumba ili kupisha ukingo wa mita 30. Hatari ilikuwa kweli, ila kuwaondoa watu bila kuwapa pa kuhamia si mpango wa maji. Bustani ya Michuki imeonyesha kwamba ukingo wa mto Nairobi unaweza kurudishiwa uhai. Ardhi iliyoachwa wazi ikichimbwa iwe uwanja wa chini na kupandwa mianzi kabla ya vuli, itashika maji. Ikibaki vifusi, vibanda vitarudi kabla ya masika mengine.