Usiulize megapikseli, uliza milisekunde

Washa video ya simu ukiwa dirishani mwa teksi kwenye barabara ya mwendokasi ya Kampala–Entebbe, kisha itazame ukifika nyumbani. Nguzo zote zimeinama, vichwa vyake vikielekea upande ule gari lilikokuwa likienda. Wengi hulaumu lenzi, wengine husema simu ni feki. Lakini simu ya bei ghali nayo hupindisha nguzo, na kuna kamera za kitaalamu zinazopindisha kuishinda.

Kihisi cha CMOS, yaani kile kipande kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi, kilichomo karibu katika kila simu ya leo, hakinasi picha yote kwa mpigo mmoja. Huisoma mstari kwa mstari, kuanzia juu kushuka chini, kama msomaji wa gazeti. Kinapofika mstari wa mwisho, gari limeshasogea. Kwa kilomita 100 kwa saa gari hukata karibu mita 28 kila sekunde. Usomaji ukichukua milisekunde 25, limekwenda karibu sentimita 70 kati ya ncha ya nguzo na kitako chake. Hizo sentimita 70 ndizo unazoziona zimelala.

Hapa ndipo mafundi wengi wa video hukosea. Wakiona picha imepinda, huongeza kasi ya shata, yaani hufupisha muda ambao kihisi kinapokea mwanga: 1/500 ya sekunde, 1/2000. Shata ya kasi huondoa ukungu tu. Kasi ya kusoma mistari haibadiliki, kwa hiyo nguzo hubaki imepinda vilevile, na sasa imepinda kwa ukali unaoonekana wazi. Mimi hushauri kinyume chake: fremu (picha) 25 kwa sekunde, shata 1/50, ukungu kidogo ulainishe ule mpindo. Jua la saa sita likizidi, tumia kichujio cha ND32, kinachopunguza mwanga mara 32. Kwa ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kihisi kuhisi mwanga) kitakuruhusu kufungua tundu la lenzi hadi kipimo cha f/4.

Propela ndiyo inayoonyesha jambo hili vizuri zaidi. Tuseme ndege ndogo pale kwenye uwanja wa ndege wa Kajjansi inazungusha propela mara 1,900 kwa dakika. Katika zile milisekunde 25 propela imekwisha kuzunguka zaidi ya robo tatu ya duara, na kihisi bado kinasoma fremu ileile. Upande ambao panga linapanda, linakutana na mistari inayoshuka, kama mtu anayetembea kinyume na umati wa sokoni: anapishana na watu wengi. Basi mapanga huonekana mengi na membamba. Upande wa pili panga linashuka pamoja na mistari, likaonekana pana, limejikunja kama ndizi. Kupiga ukiwa mbali zaidi husaidia, maana propela itachukua mistari michache ya fremu.

Simu iliyofungwa kwenye usukani wa boda boda ina tatizo lingine. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hutikisa mara 100 kwa sekunde, na fremu moja hubeba mawimbi mawili na nusu. Barabara inachezacheza kama uji. Programu ya kutuliza picha hupata shida kuliponya hilo, kwa kuwa mara nyingi husogeza fremu nzima, ilhali kila mstari umetikiswa kivyake. Weka mpira mzito chini ya kishikio. Na kumbuka kwamba mwaka 2021 Apple yenyewe ilionya kuwa mtikisiko wa pikipiki unaweza kuharibu kamera ya simu.

Kamera zinazonasa mistari yote kwa wakati mmoja zipo. Sony a9 III ilitangazwa Novemba 2023 kwa karibu dola 6,000. Wengi wetu hatutainunua, kwa hiyo tuijue simu tuliyo nayo. Umeme wa Uganda ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 10. Zima kituliza picha, weka shata 1/1000, piga video ya karatasi nyeupe karibu na taa. Utaona michirizi ya giza imelala kwenye karatasi. Hesabu michirizi kutoka juu hadi chini ya fremu, zidisha kwa 10, upate milisekunde ambazo simu yako hutumia kusoma fremu moja. Miwili na nusu ni milisekunde 25. Kama haionekani, taa yako haimeti. Tafuta nyingine, na isiwe ya sola.

Rudia kwa fremu 60 kwa sekunde, halafu 120. Kwa fremu 120 kihisi lazima kimalize kusoma ndani ya milisekunde 8.3, hivyo huwezi kupata hata mchirizi mmoja kamili. Hiyo ndiyo hali ya kutumia ukipiga mbio za magari au feni, hata kama picha itapungua ubora kidogo.

Muuzaji wa simu atakutajia megapikseli 50, 108, 200, wala hatataja milisekunde hata mara moja. Dukani kwake huenda kuna taa ya LED juu ya kaunta. Omba karatasi nyeupe, uhesabu michirizi kabla hujalipa.