Kamali ifundishwe shule za pwani

Zikitajwa zana za kale za kupimia pembe baharini, wengi hukimbilia sekstanti ya shaba na vioo vyake. Ni chombo kizuri, sibishi. Lakini Mwingereza John Hadley alipoonyesha London mwaka 1731 oktanti yake, mtangulizi wa sekstanti, mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa wameshaivuka bahari hiyo kwa karne kadhaa wakitumia kibao na kamba. Chombo hicho ni kamali, na nataka kifundishwe shuleni kwetu.

Kibao ni cha mstatili, kimetobolewa katikati, na tunduni imepitishwa kamba yenye mafundo. Baharia hung'ata fundo kwa meno, akasogeza kibao mbele mpaka kamba ikaze, ukingo wa chini ulale kwenye upeo wa bahari na wa juu uguse nyota. Fundo alilong'ata ndilo jibu: linamwambia nyota iko juu kiasi gani, na kwa hiyo yeye yuko kaskazini au kusini kiasi gani. Kibao cha sentimita 5 kikiwa sentimita 60 kutoka jichoni hupima karibu digrii 5. Kikija sentimita 30, digrii 9 na nusu. Hiyo ndiyo tanjenti inayowatoa jasho wanafunzi wa sekondari.

Wapo wanaoiita zana duni. Siwaelewi kabisa. Astrolabu ya shaba, chombo kingine cha kupimia kimo cha nyota, huning'inizwa kwa pete, na chombo kikiyumba nayo inayumba. Kamali hutegemea upeo wenyewe, basi.

Kinachonivutia zaidi ni huku kusini. Anayeshuka kutoka Oman kuja Lamu huiona Nyota ya Kaskazini ikididimia usiku baada ya usiku, hata ikatoweka. Je, walikwama? Hata kidogo. Ahmad ibn Majid, baharia Mwarabu mzaliwa wa Julfar (Ras al-Khaimah ya leo), aliandika katika karne ya 15 jinsi ya kupima kwa nyota nyingine, zikiwemo Farqadani, zile mbili zilizo jirani na ncha ya kaskazini ya anga. Alitunga hata shairi la njia ya kwenda Sofala, Msumbiji ya leo. Elimu hii iliwahusu watu wa mwambao huu moja kwa moja, na inaniuma kuona mtoto wa Pemba anamaliza shule bila kuisikia.

Vifaa ni kipande cha mbao na kamba tu. Mwalimu wa hesabu awapeleke wanafunzi ufukwe unaotazama kaskazini, mwezi wa Julai, saa mbili usiku, mbalamwezi ikiangaza upeo. Ile Farqadani inayong'aa zaidi, ikipimwa kutoka Pemba, inatakiwa iwe karibu digrii 11.