Wakubwa watatu, fomu moja

Ofisini kwetu hapa Upper Hill, Nairobi, tuko watu kumi na wawili, na saba kati yetu ni mameneja. Piga hesabu mwenyewe. Mimi nina wakubwa watatu: wa idara, wa mradi, na mmoja anayeitwa mratibu, ambaye mpaka leo sijajua anaratibu nini isipokuwa chai ya saa nne.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inanipa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila miezi 12. Sawa. Mimi niliomba siku 3 tu, niende nyumbani kwa matanga. Wa idara akasema anzia kwa wa mradi. Wa mradi hatii sahihi kabla ya mratibu. Mratibu yuko mkutanoni Westlands, simu kazima. Fomu ikazunguka wiki mbili kama matatu inayosaka abiria, na mzee wa watu akazikwa Jumamosi bila mimi.

Lakini hebu nichelewe dakika kumi kwa ajili ya jamu ya Mombasa Road! Wote watatu wananipigia kabla sijashuka stejini.