Jamani acheni kuwachoma majimoto kwenye mikorosho

Nianze na mikorosho maana hiyo ndo inanichosha kabisa. Mtu ana shamba lake huku Mkuranga, mti umejaa majimoto (wale sisimizi wakali wanaoshona majani kuwa viota), majani yameshonwa mafungu mafungu mpaka kileleni, basi anafunga makuti makavu kwenye mti mrefu anawasha moto anachoma viota vyote, ukimuuliza anakwambia wanang'ata wakati wa kuvuna. Kuvuna nini sasa? Korosho si tunaokota chini! Bibo likiiva linadondoka lenyewe na korosho yake, kazi yako wewe ni kuinama tu.

Halafu huyohuyo baadae unamkuta anahangaika kukopa hela ya dawa ya mbu wa mikorosho, mdudu wa shambani huyo, sio mbu wa malaria. Huyo mbu anafyonza machipukizi na maua, yanapata madoa meusi yanakauka, na majimoto ndo anayemwinda juu huko mchana kutwa bila kulipwa. Sio maneno ya vijiweni haya, watafiti wa vituo vya kilimo vya Naliendele na Mikocheni wameshalifanyia kazi hili suala, na hata kabla yao, miaka ya 1950, kuna mtaalamu wa wadudu M. J. Way alikuwa Zanzibar anawafuatilia majimoto kwenye mikarafuu na minazi. Yule mdudu anayefyonza vidaka vya nazi vikapukutika kabla ya wakati akaja kupewa jina lake, Pseudotheraptus wayi, na ndo huyohuyo anayeharibu korosho changa. Mnazi ukiwa na majimoto wa kutosha mdudu huyo hasogei kirahisi.

Kwanza ushawahi kusimama ukawaangalia wanavyojenga? Jani likiwa mbali, mmoja anamshika mwenzie kiunoni, na mwingine anamshika huyo, unakuwa mnyororo kabisa wanavuta wote kwa pamoja mpaka majani mawili yakutane. Hapo wanakuja wengine wamebeba mabuu mdomoni, buu linatoa uzi wa hariri, wanalipeleka huku na huku kati ya majani mpaka panashikana. Mkubwa mzima hana uzi wowote, anatumia mtoto! Mimi hapo huwa naishiwa maneno.

Sasa tusidanganyane, kwenye miembe kesi ni nyingine. Embe unapanda kuchuma, na hawa jamaa hawana mwiba lakini wanang'ata kwa meno halafu wanabinua tumbo wanakumwagia tindikali palepale walipong'ata, utashuka bila kuulizwa. Pia wanafuga wadudu gamba kwa ajili ya ule utamu wanaoutoa, na hao gamba wanafyonza mti. Hiyo ni hasara, sikatai. Ila jipake majivu mikononi na miguuni, tumia kingoe (mti mrefu wenye ndoano), maisha yanaenda. Kwa sababu upande wa pili kuna nzi wa matunda, yule aliyegundulika Kenya 2003 akasambaa kila kona, na utafiti wa kule Benin umeonesha hapendi kutaga kwenye embe ambalo majimoto wameshapita, harufu tu waliyoiacha inamkera. Embe lenye funza utamuuzia nani?

Kingine watu wengi hawajui, viota vyote vile unavyoviona, hata vikienea miti kadhaa, vinaweza kuwa vya familia moja yenye malkia mmoja tu, na yuko kwenye kiota kimoja. Ukichoma hicho umemaliza wote, waliobaki wanaisha taratibu maana hakuna malkia wa kutaga.

Kama shamba lako hawapo na jirani anataka kuwaondoa kwake, muombe. Kata viota vya familia moja, usichanganye na vya familia nyingine watauana, vitie kwenye gunia ufunge vizuri, kavitundike kwako, halafu funga kamba mti hadi mti wapite juu kwa juu, maana chini kuna wale sisimizi wadogo wenye vichwa vikubwa ambao ni maadui zao wa damu. Na usipulize dawa wiki hiyo, utakuwa umefanya kazi bure.