Mkono wa mpira: illusion ipo, ila vipimo vyake vinabishaniwa

Lile jaribio la mkono wa mpira la Botvinick na Cohen la 1998 wengi mnalijua, mkono wako unafichwa, wa mpira unawekwa mbele yako, mtu anapitisha brashi kwenye yote miwili kwa pamoja na baada ya muda unaanza kuhisi ule wa mpira ndo wako, hiyo hisia ya uongo ndo illusion yenyewe. Fresh, ila wanajuaje kwamba umehisi hivyo?

Njia ya kwanza ni dodoso, unasema unakubali kiasi gani kwamba ule mkono ni wako. Ya pili unaonyesha mkono wako halisi uko wapi bila kuuona, ukionyesha umesogea upande wa mpira wanasema illusion imekushika. Watu walizichukulia hizi mbili kama kitu kimoja mpaka 2011 Rohde na wenzake wakaonyesha kwamba kusogea kunatokea hata brashi zisipokwenda pamoja, hisia ya umiliki haifuati. Na ile ya Moseley 2008 kwamba mkono halisi unapoa, de Haan na wenzie 2017 walirudia rudia wakakosa upoaji wa kueleweka.

Sasa utamu uko 2020. Lush akawauliza watu ambao hawajafanyiwa jaribio, mnadhani mtahisi nini? Wakataja matokeo yaleyale, brashi za pamoja zinashika zaidi ya zinazopishana. Yaani ile hali ya kupishana iliyotegemewa miaka yote kama kontroli, yaani hali ya kulinganishia, haimfichi mtu kitu. Pia wanaoshawishika kirahisi kwa hipnosisi (kuongozwa kwa maneno mpaka uhisi unachoambiwa) walikuwa na alama kubwa zaidi kwenye dodoso.

Ehrsson na wenzake wakajibu 2022: chukua alama za brashi za pamoja, toa za kupishana, tofauti inayobaki haihusiani na kushawishika. Hoja nzuri, ila kwangu haimalizi, maana ukitoa unaondoa tu tabia ya mtu kusema ndio kwa kila kitu, matarajio ambayo ni tofauti kwa kila hali yanabaki palepale.

Kinachonifanya nisiitupe illusion ni majaribio ya kuchelewesha brashi kidogo kidogo, Shimada na wenzake 2009 waliona inabaki na nguvu ucheleweshaji ukiwa chini ya milisekunde 300 hivi halafu inafifia, na mpaka huo sioni mtu wa kawaida anaukisia vipi. Kwa hiyo nikikuta paper ya mada hii naangalia kwanza kama waliuliza matarajio ya watu, na za kabla ya 2020 ni nadra kukuta hicho kipengele.