Darasa la wanafunzi 80: picha inafundisha au inapamba?

Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipofika hadi kidato cha nne Tanzania, madarasa mengi ya shule za umma yamefurika. Mbele ya wanafunzi 80, sauti ya mwalimu peke yake haitoshi. Walio nyuma huitikia "ndiyooo" kwa kufuata mkumbo. Si ajabu wito wa kutumia chati, picha na projekta unapokelewa kwa mikono miwili.

Watetezi wake wana hoja nzito, hasa kwa kidato cha kwanza. Mtoto aliyesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili anakutana na baiolojia kwa Kiingereza. Mzunguko wa damu ukielezwa kwa maneno matupu, atakariri. Akichorewa moyo wenye vyumba vinne, mishale ikionyesha damu inakoingia na inakotokea, atalielewa jambo lenyewe kwanza, istilahi zitafuata.

Lakini si kila kinachovutia macho kinafundisha. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Marekani, ameonyesha kwa majaribio mengi kwamba mapambo yasiyohusiana na somo hupunguza uelewa, na kwamba maelezo ya mdomo yakiambatana na picha husaidia zaidi kuliko maneno yale yale yakirudiwa kwenye skrini. Slaidi yenye aya tupu, mwalimu akizisoma neno kwa neno, ni notsi za kawaida zinazokula umeme. Chati za manila nazo zina vituko vyake: herufi ndogo zisizosomeka dawati la tatu, na nyingine hutundikwa siku mdhibiti ubora anapotarajiwa.

Kwangu mimi, chaki bado inaishinda projekta kwa jambo moja: mchoro unakua hatua kwa hatua mbele ya wanafunzi. Mwalimu anaweza kuchora moyo bila mishale, akawaachia wanaokaa dawati moja waichore kwenye madaftari, kisha mmoja aje ubaoni na wenzake wambishie. Gharama yake ni chaki za rangi mbili.

Chaki inakwama kwenye mwendo. Vali za moyo, yaani vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma, zinavyofunguka na kujifunga ni kazi ya video, na ya dakika moja inatosha. Ionyeshwe mara mbili, ya pili bila sauti, wanafunzi wenyewe wakisimulia kinachotokea.