Haipasoniki bila abiria

Kampuni ya Kiingereza ya Reaction Engines ilipoangukia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi, tarehe 31 Oktoba 2024, waliokuwa wakiibeza tangu zamani walipata la kusema. Miaka 35 ya ahadi, michoro mizuri ya Skylon, chombo ambacho kingeondoka uwanjani kama ndege na kufika angani kwenye mzingo, njia ya kuizunguka dunia, bila kudondosha kipande njiani, na mwisho wake wafanyakazi wengi wakapoteza kazi. Hukumu ikatoka haraka: kuruka kwa kasi ya haipasoniki, yaani mara tano ya sauti na zaidi, ni ndoto ya wahandisi, na mahali pake pa kweli ni kwenye kombora.

Nusu ya hukumu hiyo ni sahihi. Abiria wa haipasoniki hawaji, angalau si katika umri wa wengi wetu. Concorde, ndege ya abiria, ilikwenda mara mbili tu ya sauti, na ni ndege 14 tu zilizoingia kazini, British Airways na Air France, hadi zikastaafu mwaka 2003. Kila kilichoitesa kinaongezeka ukifika Mach 5, yaani mara tano ya kasi ya sauti: mafuta, mshindo unaotikisa walioko chini, nauli. Mradi wa Ulaya wa LAPCAT ulichora ndege ya kubeba watu 300 kutoka Brussels hadi Sydney kwa saa zisizofika tano. Mafuta yake yalikuwa haidrojeni ya kimiminika, ambayo hula nafasi kiasi kwamba ndege ilibidi ipite urefu wa mita 130, na kwa sababu ya joto haikuwekewa madirisha. Nauli ya kitajiri, halafu hata mawingu huyaoni.

Ila kutoka "abiria hawaji" hadi "haina kazi" kuna mruko mkubwa, na hapo ndipo wakosoaji wanaponipoteza.

Tatizo la haipasoniki kwanza ni joto, kasi inafuata. Hewa inayoingia kwenye injini kwa Mach 5 ikipunguzwa mwendo hupanda kufikia nyuzi 1,000 za Selsiasi hivi, na injini ya kawaida ya jeti haiwezi kuimeza. Njia moja ni kutoipunguza sana, mafuta yawake ndani ya hewa ambayo bado inapita kwa kasi kuliko sauti. Ndivyo ilivyofanya X-43A, chombo cha majaribio cha NASA kisicho na rubani, mwezi Novemba 2004: ikafika karibu Mach 9.6, injini ikawaka kwa sekunde 10 hivi, kisha chombo kikaishia baharini. X-51A, chombo kingine cha majaribio cha Marekani, iliwaka kwa dakika tatu na nusu mwaka 2013, nayo ikaishia majini, kama ilivyopangwa. Na injini za aina hii haziwezi kuanza zikiwa zimesimama. Lazima roketi izifikishe kwanza kwenye kasi.

Reaction Engines walichagua njia ya pili, kuipoza hewa. Mwezi Oktoba 2019, huko Colorado, kipozaji chao kilipulizwa hewa ya nyuzi zaidi ya 1,000, sawa na ile ya Mach 5, kikaipoza kwa muda usiofika sehemu ya ishirini ya sekunde. Kupepesa jicho kunachukua muda mrefu zaidi. Ndani yake mna maelfu ya mirija yenye kuta nyembamba kuliko unywele, heliamu ikipita ndani na hewa ya moto nje, na mirija haikupasuka wala kuyeyuka. Wengine walishasema unyevu wa hewa ungeganda na kuiziba; hilo nalo walilipatia dawa miaka kadhaa kabla. Hiki si kitu cha kwenye karatasi. Kilichokwisha ni fedha za hatua iliyofuata.

Mkosoaji atajibu kwamba fedha ndiyo hakimu, na ana hoja nyingine nzito zaidi: tangu Desemba 2015 SpaceX inarudisha chini hatua ya kwanza, yaani sehemu ya chini, ya roketi yake Falcon 9, na tangu Machi 2017 inaitumia tena. Faida kuu ya injini inayovuta hewa ni kutobeba oksijeni yote tangu ardhini, na oksijeni ni bei rahisi, tangi lake pia. Kwa kupeleka setilaiti, naona kwa sasa roketi imeshinda.

Lakini tuangalie pia hakimu huyo anatumia wapi fedha zake. Kombora linakwenda safari moja. Halihitaji kukaguliwa ngozi, kubadilishwa kipuri, kuruka tena wiki ijayo. Kwa hiyo mabilioni ya majeshi yamenunua zaidi ujuzi wa kufika, na kidogo mno ule wa kurudi. Marekani iliirusha X-15, ndege ya majaribio yenye injini ya roketi, mara 199 kati ya 1959 na 1968, ndege tatu tu, rubani ndani, mara moja ikafika Mach 6.7. Baada ya hapo, majaribio ya ndege za namna hiyo zinazorudi na kuruka tena yalikaribia kukoma kwa zaidi ya nusu karne.

Ndiyo maana nimeifuatilia Talon-A2 ya kampuni ya Marekani ya Stratolaunch kuliko tangazo lolote la ndege ya matajiri. Ni chombo kisicho na rubani, kina injini ya roketi, huachiliwa kutoka chini ya bawa la ndege kubwa juu ya Pasifiki. Mwezi Desemba 2024, na tena Machi 2025, kilipita Mach 5 kisha kikatua chenyewe kwenye kituo cha kijeshi cha Vandenberg, California. Mhandisi mwenye aloi (mchanganyiko wa metali) mpya, kigae cha kuzuia joto au kipozaji anaweza kukipandisha, kikaungua kweli, halafu akakishika mkononi na kukikata aone kilichotokea ndani. Tanuri la maabara halimpi hilo kikamilifu, na chombo kilichozama baharini hakimpi kabisa.

Mteja mkuu wa safari hizo, hata hivyo, ni wizara ya ulinzi ya Marekani, na matokeo mengi hayatasomwa na mhandisi wa Ulaya wala wa kiwanda cha kiraia. Safari moja ya Talon iliyobeba sampuli za vyuo vikuu, matokeo yakachapishwa, ingenishawishi kuliko mchoro wa LAPCAT na viti vyake vyote 300.